Godauni la Nyanda za Juu Lisivishwe Ofisi ya Dar es Salaam

Hotuba kwa wamiliki wa majengo, mafundi na wanafunzi wa ujenzi, Mbeya

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu, maofisa wa halmashauri, mafundi wenzangu, na ninyi wanafunzi mliojazana kule nyuma: mwagonile. Waliotoka Iringa na Mafinga, kamwene. Na aliyepanda basi kutoka Dar es Salaam akaja bila koti, pole sana. Wewe ndiye mfano wangu leo.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuligeuza godauni kuukuu la viwandani kuwa ofisi ya kisasa, ofisi ambayo mtu akiingia anajisikia amekaribishwa. Nitaanza na ugomvi ili tusisinzie. Michoro ninayoonyeshwa na wenye magodauni wa ukanda huu inafanana karibu yote. Mbele kuna ukuta mzima wa vioo vya bluu. Ndani siling ya jipsamu imeshushwa chini, sakafu ina vigae vinavyong'aa, na viyoyozi vimepangwa ukutani. Ukiuliza mchoro umetoka wapi, unaambiwa umetoka Dar, au ni picha iliyookotwa kwenye simu. Kupenda picha si dhambi. Lakini Dar iko pwani, na watu wake wanapambana na joto karibu mwaka mzima. Sisi hapa Mbeya tuko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa sita na wa saba, saa kumi na mbili asubuhi, hakuna mtu huku anayetafuta kiyoyozi. Ofisi iliyochorwa ili ifukuze joto, ukiileta kwetu, italifukuza kweli, na wafanyakazi wako watakaa na makoti hadi saa tano.

Hilo ndilo nililokuja kulisema. Mwenye godauni akipata fedha ya kulikarabati, fedha ya kwanza iende kwenye paa, baridi, kelele ya mvua na mwanga. Ikibaki, ndipo tuzungumze vioo.

Tuangalie kwanza tumerithi nini. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 serikali ilichukua viwanda na mashirika makubwa, na mwaka uliofuata likaundwa Shirika la Usagishaji la Taifa, lile wazee mnaloliita NMC. Vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa 1976, ununuzi wa mazao ukaangukia mikononi mwa mashirika ya umma. Mwaka huohuo TAZARA ilikabidhiwa rasmi, kilomita 1,860 za reli kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na treni zikapita hapa Iyunga na pale Makambako. Mbeya, Iringa, Ruvuma na Rukwa zikajulikana kuwa mikoa minne mikubwa ya mahindi. Mahindi yakihitaji pa kulala, watu hujenga maghala. Soko lilipofunguliwa miaka ya 1980, na mashirika yakabinafsishwa miaka ya 1990, sehemu nyingine ya maghala hayo ikapata wenyewe wapya na nyingine ikabaki na kufuli lenye kutu. Ndiyo haya tunayoyaona kando ya reli na barabara kuu ya Tunduma: kuta nene, nguzo imara, nafasi kubwa, umeme wa fezi tatu umeshafika mlangoni. Kulibomoa jengo la namna hiyo ili ujenge jingine ni kununua saruji, nondo na kokoto mara ya pili.

Lakini tusidanganyane. Godauni lilijengwa kwa ajili ya gunia. Gunia linataka giza, ukavu na mlango wa lori. Binadamu anataka mwanga, joto, hewa na choo. Ukarabati wote umo katika tofauti hiyo.

Wapo waliofanya makubwa duniani kwa majengo ya nafaka. Kule Cape Town, bandarini, kulikuwa na ghala la nafaka la mapipa ya zege lililojengwa miaka ya 1920. Mbunifu Thomas Heatherwick wa Uingereza alichukua umbo la punje ya mahindi, akalikuza, akalichonga ndani ya mapipa yale 42 hadi ukapatikana ukumbi mmoja mkubwa ajabu. Mwaka 2017 likafunguliwa kuwa makumbusho ya sanaa ya kisasa ya Afrika. Ni kazi ya kutazamwa, nawaambia wanafunzi wakaitafute. Gharama yake, hata hivyo, si ya kwetu. Kwa kipimo chetu nawaelekeza karibu zaidi: nendeni Iringa mjini mkalione Boma, jengo la enzi za Wajerumani lililokuwa ofisi za serikali na ambalo tangu 2016 ni makumbusho na kituo cha utamaduni. Angalieni walivyoacha kuta zile nene zisemewe na unene wake. Hawakubandika kitu juu yake.

Sasa, kazi yenyewe.

Kabla hujamwita mchoraji, kaa ndani ya godauni lako. Nenda asubuhi na mapema, nenda saa nane mchana, na nenda mvua ya mwezi wa tatu inaponyesha. Beba kiti, daftari na simu. Jaribu kumpigia mtu wakati mvua inapiga bati. Tazama maji yanadondokea wapi. Mara nyingi utakuta yanadondoka pale mapaa mawili yanapokutana, kwenye ule mfereji wa katikati ambao haujasafishwa tangu zama za shirika. Asubuhi ya baridi angalia upande wa ndani wa bati: limetoka jasho, matone yananing'inia. Huo si uvujaji, fundi asije akakuuzia lami bure. Bati limepoteza joto usiku kucha, na unyevu wa hewa ya ndani umegandamana nalo. Mtu akishajua tofauti ya maji ya mvua na maji ya jasho la bati, ameshaokoa hela.

Halafu mwite mhandisi aliyesajiliwa apande kwenye kenchi. Kenchi za godauni zilipigiwa hesabu ya kubeba bati, na pengine upepo. Wewe unataka uzitundikie siling, taa, nyaya, na juu ya paa uweke paneli za sola. Huo ni uzito mpya ambao mwenye kuzichora hakuufikiria. Mwambie pia akague miguu ya nguzo za chuma, pale zinapokutana na sakafu, maana kutu huanzia huko ambako hakuna anayeinama.

Nitakaa kidogo kwenye mambo mawili ambayo yanaua, kwa sababu ndiyo yanayorukwa.

La kwanza ni asbesto. Majengo mengi ya miaka ile yaliezekwa kwa mabati ya saruji yenye asbesto, yale ya kijivu, mazito, yenye mawimbi makubwa. Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba aina zote za asbesto husababisha saratani. Nyuzi zake hazionekani kwa macho. Mtu anazivuta leo na ugonjwa unaweza kujitokeza baada ya miaka 20, 30, hata 40, wakati fundi ameshastaafu na hakuna anayekumbuka godauni. Bati lililo zima, lisiloguswa, hatari yake ni ndogo. Hatari inaanza unapolikata, unapolitoboa ili utundike taa, unapolisugua kwa brashi ya waya, au unapolivunja na vipande ukamwaga njiani kuziba matope, jambo ambalo nimeliona kwa macho yangu na watoto wakicheza juu yake. Kwa hiyo wamiliki, kabla ya nyundo ya kwanza, pelekeni kipande kidogo kikapimwe, na anayekichukua awe anajua kazi hiyo. Ikiwa ni asbesto, kuna njia za kuliacha na kulifunika, na kuna njia za kuliondoa: linamwagiwa maji kwanza, halikatwi, linashushwa zima, linafungwa kwenye nailoni nene, linapelekwa pale ambapo mamlaka imeelekeza. OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, na NEMC, baraza la mazingira, wahusishwe. Mafundi, kitambaa mdomoni si kinga. Na mwajiri akikwambia "ondoa haraka kabla watu hawajaja", weka nyundo chini.

La pili ni dawa. Ghala la mahindi lilikuwa uwanja wa vita na fukusi, na baadaye dumuzi, yule ambaye wakulima wengi wanamwita Skania. Vita hiyo ilipiganwa kwa dawa za unga na za moshi, na kabla yake kwa DDT. Maghala ya pembejeo yalihifadhi makubwa zaidi, na nchi yetu ilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zilizobaki na marundo ya viuatilifu vilivyopitwa na wakati. Zege hunywa. Pembe ya ghala ambapo mapipa yalikaa miaka kumi bado ina kitu ndani yake, hata kama imefagiliwa. Ukinusa harufu usiyoielewa, au ukiona doa lisilotoka, usiweke zulia juu. Chukua vumbi la sakafuni na udongo wa nje, vipelekwe kwa Mkemia Mkuu wa Serikali au maabara nyingine inayoaminika. Ikigundulika shida, wakati mwingine tabaka la juu la zege huondolewa, wakati mwingine hufungwa kwa rangi maalumu. Hilo wataamua wenye ujuzi. Ninachokataa mimi ni kumweka mhasibu mjamzito juu ya sakafu ambayo hakuna aliyeiuliza.

Haya, tumelisafisha. Turudi kwenye baridi.

Tufanye hesabu ya godauni la kawaida: upana mita 24, urefu mita 60, kimo mita 7. Hizo ni zaidi ya mita za ujazo 10,000 za hewa. Nani atakayezipasha moto? Na hewa ya joto inapanda, kwa hiyo hata ukizipasha, anayefaidi ni popo kwenye kenchi, huku miguu ya karani iko juu ya zege la baridi. Ndiyo maana napendekeza nyumba ndani ya nyumba. Acha godauni libaki godauni, na ndani yake jenga vyumba vya watu: vyumba vyenye kuta zake, sakafu ya mbao iliyonyanyuliwa kidogo juu ya zege, na siling yake ya mita 2.7. Chumba cha mikutano cha mita sita kwa tano kina mita za ujazo 81 tu. Watu wanane na kompyuta zao, milango ikifungwa vizuri, wanakipasha wenyewe kabla chai haijafika. Katikati kunabaki uwanja mrefu, wa mwanga, wenye baridi kidogo, wa kupita, kusubiri na kuzungumzia mambo mafupi. Watu wa huku tumezoea kukutana nje tukiwa tumevaa sweta. Uwanja wa namna hiyo hautusumbui.

Zaidi ya hapo, livishe bati kwa chini. Sufi ya kioo au ya mawe, yale matandiko ya nyuzi ya kuzuia joto, unene wa sentimita 10, ikibanwa chini ya bati na kufungwa vizuri upande wa ndani ili unyevu usipenye kuifuata, inazuia joto lisitoroke usiku, inapunguza jasho la bati, na inakula kelele ya mvua. Kazi tatu kwa gharama moja. Ukiniuliza kitu kimoja cha kununua kabla ya vyote, ni hicho. Francis Kéré wa Burkina Faso, mbunifu wa kwanza Mwafrika kupata Pritzker, tuzo kubwa ya wabunifu wa majengo duniani, mwaka 2022, alijulikana kwa shule ya kijijini kwao Gando ambako alilinyanyua bati juu ya dari ya matofali ili upepo upite katikati na joto liondoke. Huku kwetu hatutaki joto liondoke usiku, kwa hiyo usilinakili paa lake. Nakili namna yake ya kufikiri: aliangalia bati linafanya nini mahali pale, akalijibu.

Kelele ya mvua nimeigusa, lakini kuna kelele nyingine. Zege chini, bati juu, kuta za plasta, sauti inazunguka kama imefungiwa. Watu kumi wakiongea inakuwa soko la Mwanjelwa. Mapazia mazito, mbao zilizoachwa nafasi na sufi nyuma yake, mazulia kwenye vyumba, vyote vinasaidia. Usibandike sponji za magodoro ukutani. Zinashika moto upesi, na moshi wake unaua kabla ya moto kufika.

Na kwa kuwa nimetaja moshi, niseme la jiko la mkaa. Kila msimu wa baridi ukanda huu tunasikia watu waliolala na jiko ndani na hawakuamka. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi. Nyinyi mkishaziba ofisi vizuri kama ninavyowaambia, hatari hiyo inaongezeka. Mlinzi wa usiku na mama wa chai wawe na sehemu ya joto iliyopangwa, yenye umeme au yenye bomba la kutolea moshi. Isiwe mtu anajitafutia chini ya ngazi.

Kuhusu mwanga, wanafunzi chukueni kalamu. Dirisha la kawaida hupeleka mwanga wa kufanyia kazi ndani kwa umbali wa takriban mara mbili hadi mbili na nusu ya kimo cha juu cha dirisha kutoka sakafuni. Dirisha lenye kimo cha mita 2.4 linakupa mita tano, sita. Godauni la mita 24 lenye madirisha pande zote mbili litabaki na mita 12 za giza katikati. Hapo lazima mwanga utoke juu. Wengi wanaweka yale mabati ya plastiki yanayopitisha mwanga, yakipangwa ovyo, na matokeo yake ni jua kumchoma mtu kisogoni na kompyuta isiyosomeka. Ya bei ndogo, tena, hugeuka njano na kupasuka baada ya miaka michache ya jua letu hili kali la milimani.

Njia iliyo bora ni kunyanyua sehemu ya paa na kuweka madirisha yaliyosimama wima huko juu. Yatazame wapi? Vitabu vya Ulaya vitakwambia kaskazini, kwa sababu jua lao liko kusini. Mbeya iko karibu nyuzi tisa kusini mwa ikweta. Kuanzia mwishoni mwa Februari hadi katikati ya Oktoba, jua la adhuhuri linapita upande wetu wa kaskazini. Kwa hiyo madirisha ya juu yatazame kusini, na kwa zaidi ya miezi saba yatakupa mwanga laini bila jua la mchana kuingia. Miezi inayobaki, jua linapohamia kusini, ndiyo kwa sehemu kubwa miezi yetu ya mawingu na mvua, na kibaraza kidogo cha bati juu ya dirisha kinatosha kulizuia. Kwa aliyepo mjini hapa asiye na dira: upe mgongo mlima Loleza, unapotazama ndiko kusini. Upande wa kaskazini nao una kazi yake. Madirisha ya chini upande huo yataingiza jua la Juni na Julai hadi miguuni, na hilo mwezi huo hakuna atakayelikataa.

Sasa niseme kuhusu kukaribisha, maana ndilo neno lililoandikwa kwenye barua ya mwaliko. Nani anaingia kwenye ofisi zetu? Huku Nyanda za Juu Kusini, nyingi ya ofisi zitakazopanga kwenye magodauni haya zitashughulika na chai ya Rungwe na Mufindi, kahawa ya Mbozi, mpunga wa Mbarali, viazi, parachichi, mbao. Anayekuja kusaini mkataba ni mama mkulima aliyetoka Tukuyu na mvua, buti zina matope, mkononi ana kikapu. Anafika mbele ya ukuta wa vioo vya bluu unaomwonyesha sura yake mwenyewe. Hajui mlango ni upi. Akiuona, ndani kuna vigae vyeupe. Anasimama, anavua buti. Nimewaona wanaovua! Mtu anavua viatu kuingia kwenye ofisi ya watu wanaoishi kwa jasho lake. Hiyo ofisi haijamkaribisha, hata kama dada wa mapokezi amefundishwa kutabasamu.

Godauni lina dawa yake tayari. Lile jukwaa la kupakilia, lililonyanyuliwa mita moja na kitu ili lilingane na kitanda cha lori, ni baraza iliyokwisha kujengwa. Lipanulie paa, weka mabenchi ya mbao, weka bomba la kunawia na sehemu ya kukwangulia matope, weka birika la chai. Mtu asalimiwe pale, apumzike pale, na shughuli nyingi ziishie palepale. Mlango mkubwa wa lori, wa mita nne, uache ulivyo ubaki wazi mchana, na ndani yake weka mlango wa kimo cha mtu ili baridi isiingie na mgeni asijione mdogo. Sakafu isuguliwe zege lilelile mpaka liwe laini bila kuteleza. Lililobeba malori halishindwi na buti. Na mteremko kwa wenye viti vya magurudumu na wazee: jukwaa la mita 1.2, kwa mteremko wa moja kwa kumi na mbili, linahitaji mita 14.4, bila kuhesabu mahali pa kupumzikia katikati. Msiufupishe mteremko kwa sababu umekula maegesho. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ipo tangu 2010, na magari yatapata pa kukaa.

Mbao tunazo mlangoni. Shamba la miti la Sao Hill liko Mufindi, na paini yake ndiyo inayojenga mapaa mengi tunayoyaona. Kosa letu ni haraka: mbao inatoka msumenoni wiki hii, wiki ijayo ni ukuta wa ofisi, mwezi ujao imepinda na milango haifungi. Ikaushwe hadi unyevu wa takriban asilimia 12, ipimwe kwa kifaa, siyo kwa kuigonga. Ukitaka ghorofa ya kati ndani ya godauni, na kimo cha mita saba kinaruhusu, usiitundike kwenye kuta wala kenchi za zamani. Ipe nguzo zake na misingi yake. Sakafu ya ofisi hupigiwa hesabu ya takriban kilo 250 kwa kila mita ya mraba, na chumba cha mafaili huzidi hapo sana. Majalada ya ushirika wa miaka thelathini si mchezo.

Moto nitauzungumzia kwa ufupi lakini kwa ukali. Njia mbili za kutokea, zinazoelekea pande tofauti, milango ifunguke kwenda nje, na ghorofa ya kati iwe na ngazi mbili. Nondo za madirishani ziwe na zinazofunguka kutoka ndani. Na yale mabamba ya aluminiamu yanayobandikwa mbele ya majengo ili yapendeze: ulizeni katikati yake kuna nini. Jengo la Grenfell Tower kule London lilivishwa mabamba yenye plastiki katikati, na mwezi Juni 2017 moto ulipanda juu yake wakafa watu 72. Kama muuzaji hawezi kukupa karatasi ya kipimo cha moto, godauni lako libaki na matofali yake.

Vyoo: godauni lina kimoja, nyuma, cha walinzi. Ofisi ya watu sitini haiishi hivyo. Panga mabomba na shimo kabla ya kuchora chochote kingine, kwa sababu kupasua zege la sentimita 20 baada ya kupaka rangi ni kilio.

Vibali nitavipita haraka kwa sababu ndugu yetu wa mipango miji atazungumza baada yangu. Kiwanja cha ghala na viwanda hakiwi cha ofisi kwa kubadili kibao cha mlangoni. Matumizi yanabadilishwa rasmi kupitia halmashauri chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007, michoro inasainiwa na waliosajiliwa, Zimamoto wanapita. Anzeni huko mapema, msisubiri hadi rangi ikauke.

La mwisho ni mkataba, kwa kuwa nimeona humu wenye magodauni wamekaa upande mmoja na vijana wa kampuni ndogondogo upande mwingine, hawasalimiani vizuri. Wazee wetu, kijana akiweka sufi ya paa, sakafu na mabomba kwenye jengo lako, amekuongezea mali. Usimpe mkataba wa mwaka mmoja halafu ukaongeza kodi mara aipendezeshapo nyumba. Vijana, nanyi msianze kugonga msumari kwa maneno ya mdomo. Iandikwe nani analipia paa, nani analipia ndani, gharama hizo zinakatwaje kwenye kodi, na siku ya kuondoka ni vipi vinabaki na vipi vinabebwa. Vyumba vya mbao ninavyovisema mimi vinaweza kufungwa kwa bolti na kufunguliwa. Paa halibebwi. Kwa hiyo paa alipe mwenye nyumba, na kwa hilo najua kuna mzee pale mbele ameshaanza kutikisa kichwa.

Ndugu mwenyekiti ananionyesha saa. Naomba maswali yaanze na mafundi, kisha yule mzee.